Mlango wa Maradhi: Sukari za Utumbo, Urithi na Magonjwa ya Kuhara

Katika kata ya Cimpunda, iliyoegemea miteremko ya komini ya Kadutu mjini Bukavu, nyumba zimesongamana kiasi kwamba majirani huchota maji mahali pamoja, hutenganishwa na ukuta mmoja, na mara nyingi hutumia choo kimoja. Maji hubebwa kwa bidoni, na bidoni moja huweza kukata kiu ya watoto wa nyumba mbili. Basi inapotokea kwamba mtoto wa nyumba ya kwanza anaharisha na kutapika hadi macho yanadidimia, ilhali wa nyumba ya pili, aliyekunywa kikombe kilekile, yuko uani anacheza, swali la wazazi haliwi tena juu ya maji. Maji yangekuwa mabaya, yangewadhuru wote. Swali linakuwa: mbona wetu peke yake?

Jibu lililo tayari mjini Bukavu, kama kwingineko katika Kivu, ni karuho, yaani sumu inayodaiwa kutiwa kwa hila katika chakula au kinywaji. Jibu hilo lina gharama kubwa. Huwageuza majirani kuwa maadui, na aghalabu humpeleka mgonjwa kwanza kwa wanaodai kuiondoa karuho kwa dawa za kutapisha. Mwili uliokwisha kupoteza maji hunyang'anywa hata yale machache yaliyobaki, na saa za kuuokoa hupita njiani. Hata hivyo, hoja ya maji yaleyale ina mantiki yake na haifai kuchekwa. Kosa lake ni moja tu: inachukulia kwamba matumbo yote ni sawa. Makala hii inakusudia kueleza kwamba sivyo, na kwamba sehemu ya tofauti hiyo hurithiwa kutoka kwa baba na mama kama inavyorithiwa sura.

Sukari isiyo ya chai

Ugumu wa kwanza ni wa lugha. Neno sukari humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwenye kikombe cha chai, na mtu akiambiwa kwamba sukari za utumbo huweza kuleta au kuzuia maradhi, atadhani anaambiwa apunguze au aongeze vijiko. Neno wanga, ambalo baadhi ya vitabu hulitumia kwa ukoo mzima wa vitu hivi, limekwisha kushikwa na mihogo na mahindi. Katika kemia, sukari ni jina la ukoo wa molekuli ndogo ambamo glukosi ni mmoja tu. Wamo pia galaktosi, fukosi na wenginewe. Sukari hizi hazibaki kuwa chakula daima. Mwili huziunganisha kuwa minyororo mifupi yenye matawi, kisha huisimika juu ya seli na ndani ya ute. Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa na minyororo hiyo kama kilima kilichofunikwa na nyasi. Mtu hawezi kuibadilisha kwa kunywa chai tamu au chungu. Aina zake huamuliwa na jeni.

Sasa, kijidudu kinachopita utumboni hupita mahali penye mkondo. Kisiposhika kitu, husukumwa na kutoka nje bila kuleta madhara. Kwa hiyo vijidudu vingi vina protini zilizo kama vidole, na kila aina ya vidole hufaa kushika umbo fulani la sukari na si jingine. Mnyororo wa sukari basi ni kishikio. Palipo na kishikio kinachofaa, maradhi hupata mlango. Pasipo nacho, kijidudu hupita njia yake.

Jinsi vishikio vinavyorithiwa

Karl Landsteiner alipotangaza mwaka 1901, huko Vienna, kwamba damu za watu ni za makundi, hakujua kwamba alikuwa akigusa habari za utumbo. Makundi A, B na O ni tofauti za sukari. Mnyororo wa msingi hupatiwa kwanza fukosi moja mwishoni, na hapo huitwa H. Mwenye jeni ya kundi A huongeza juu yake sukari moja ya aina fulani. Mwenye B huongeza galaktosi. Mwenye AB hutengeneza zote mbili. Mwenye O haongezi kitu, na H yake hubaki wazi. Tofauti baina ya A na B ni ndogo mno ukiitazama kwa jicho la mkemia, lakini inatosha kumuua mgonjwa atakayetiwa damu isiyo yake.

Jina kundi la damu limeficha jambo muhimu. Sukari hizo hazimo katika damu peke yake. Zimo katika mate, katika maziwa ya mama na katika utumbo, lakini si kwa watu wote. Kazi ya kutia fukosi ya kwanza utumboni na matezini hufanywa na kimeng'enya kinachotokana na jeni iitwayo FUT2, iliyo katika kromosomu ya 19. Kwenye chembe nyekundu za damu kazi hiyohiyo hufanywa na jeni nyingine. Mtu ambaye nakala zake zote mbili za FUT2 zimeharibika huwa na A au B katika damu yake, lakini mate yake na utumbo wake hauna A, wala B, wala H. Kadi ya mchangiaji damu humweleza nusu tu ya habari zake.

Tofauti hiyo ilitambuliwa katika miaka ya 1930 kwa kupima mate, kwa hiyo wataalamu wakawaita watu wa kundi la kwanza watoaji, kwa maana ya kwamba wanatoa dutu za kundi lao katika majimaji ya mwili. Kwa Kiswahili jina hilo lina kasoro, kwani hospitalini mtoaji ni yule anayetoa damu. Hapa litatumika mtoaji wa sukari na asiye mtoaji, mpaka litakapopatikana lililo bora. Barani Afrika, kama Ulaya, takriban mtu mmoja kati ya watano si mtoaji.

Hesabu ya urithi hapa inastahili kufuatwa kwa makini, maana ndiyo inayojibu swali la wazazi wa Cimpunda. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja nzima inatosha kumfanya mtoaji. Ikiwa mmoja kati ya watano ana nakala mbili mbovu, basi hesabu huonyesha kwamba karibu nusu ya watu wote wana nakala moja mbovu na moja nzima, bila dalili yoyote. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mtoto wao ana bahati ya robo kuwa asiye mtoaji. Ndugu wa tumbo moja, waliolelewa chungu kimoja, huweza basi kuwa na matumbo yasiyofanana, na hapana mchawi aliyehusika.

Jeni ya tatu ni ile ya Lewis, iliyopewa jina la familia ambamo ilionekana mara ya kwanza mwaka 1946. Nayo huongeza fukosi, lakini mahali pengine katika mnyororo. Mtoaji mwenye Lewis inayofanya kazi huwa na kishikio kiitwacho Lewis b. Asiye mtoaji mwenye Lewis huwa na Lewis a. Asiye na Lewis hana hiki wala kile. Watu wasio na Lewis ni wachache Ulaya, takriban mmoja kati ya kumi au chini yake. Katika jamii nyingi za Afrika hufikia robo au kupita. Tofauti hii ya mabara, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa jambo la wataalamu wa damu peke yao, imekuja kuwa na uzito usiotarajiwa.

Virusi vinavyochagua

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitoka mbali na Kivu. Mwaka 1968 wanafunzi wa shule moja ya msingi katika mji wa Norwalk, jimbo la Ohio, Marekani, walishikwa na kutapika na kuhara, na virusi vilivyosababisha vikapewa jina la mji huo. Baadaye watafiti waliwanywesha virusi hivyo watu wazima waliojitolea, na jambo moja likawa linawatatiza: daima walikuwepo wasiougua, hata dozi ikizidishwa. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu 77. Asilimia 29 kati yao hawakuwa watoaji wa sukari, na katika hao hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Virusi vya Norwalk vilitafuta H ya utumboni, havikuiona, vikapita. Hapana budi kuongeza kwamba Norwalk ni mmoja katika ukoo wenye aina nyingi, na baadhi ya ndugu zake wana vidole vya namna nyingine, wasiojali utoaji.

Kwa watoto wa Kivu ulio muhimu zaidi ni ukoo wa rotavirusi, uliotambuliwa mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenzake mjini Melbourne. Ncha ya protini ambayo virusi hivi hushikia ni ya aina mbalimbali, na wataalamu huzipa alama ya P na namba. P[8] ndiyo iliyoenea duniani kote. P[6] ni adimu Ulaya lakini ni ya kawaida Afrika. Kwa nini? Utafiti uliofanywa Burkina Faso na Nikaragua na kuchapishwa mwaka 2014 ulitoa jibu lenye nguvu. P[8] iliwashika watoto walio watoaji na wenye Lewis, yaani wenye kishikio cha Lewis b. P[6] iliwashika hasa watoto wa Burkina Faso wasio na Lewis, wawe watoaji au wasiwe. Ni kusema kwamba yule anayeuepuka mlango wa P[8] anakutwa na P[6] kwenye mlango wa pili, na bara lenye watu wengi wasio na Lewis limekuwa makao mazuri ya virusi ambavyo kwingine havipati pa kushika.

Jambo hili linagusa chanjo. Chanjo ya rota ni ya matone, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, ambavyo lazima navyo vishike utumbo ili mwili ufundishwe. Iitwayo Rotarix imetokana na virusi vya P[8]. Ulaya iliwakinga watoto zaidi ya 90 katika kila 100 dhidi ya kuhara kwa rota kulikokithiri. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010, kinga hiyo ilikuwa asilimia 76.9 Afrika Kusini na 49.4 Malawi. Ingekuwa haraka mno kuitwika tofauti yote hiyo juu ya sukari. Zipo pia sababu za lishe, za vijidudu vingine vilivyojaa utumboni, na za kingamwili anazopewa mtoto na mama yake. Hata nafasi ya sukari yenyewe si nyepesi kuisoma. Huko Malawi, utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wasio watoaji walikuwa wachache miongoni mwa watoto waliochanjwa na bado wakaugua, kwa vile virusi vyenyewe vya maradhi navyo viliwakosa. Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi, ilianza kuchanja dhidi ya rota mwaka 2012. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilianza mwaka 2019. Nusu ya watoto kukingwa, mahali penye wagonjwa wengi, ni vifo vingi vinavyozuiwa, na mzazi hana sababu ya kukataa matone kwa kuwa hajui Lewis ya mwanawe.

Kolera na kundi O

Ugonjwa ambao jina lake peke yake hutia hofu ni kipindupindu, ambacho wakazi wa Bukavu hukiita kolera. Umekuwa mwenyeji wa maeneo ya maziwa, Kalemie, Uvira, Minova na Goma. Hakuna anayeweza kusahau Goma ya Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu katika siku chache na kukaa juu ya mawe ya volkano yasiyochimbika choo wala kisima; takriban watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kolera na kuhara damu.

Tangu mwaka 1977 tafiti za Asia zilianza kuonyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa mahututi wa kolera wamo watu wa kundi O kuliko inavyotarajiwa. Kazi iliyofanywa Bangladesh ikafafanua: mtu wa kundi O haambukizwi kwa urahisi zaidi, bali akiambukizwa huugua vikali zaidi. Kolera ilipoifikia Peru mwaka 1991, jambo hilohilo likaonekana. Hapa sukari haiwi tena kishikio cha kijidudu chenyewe. Bakteria ya kolera hutoa sumu, nayo sumu hushika seli za utumbo kupitia sukari zake. Majaribio ya maabara yanaelekeza kwamba H iliyo wazi ya kundi O huipa sumu hiyo nafasi nzuri kuliko ile iliyofunikwa na A. Basi sumu ipo kweli katika kisa cha kolera. Lakini haikutiwa na mkono wa jirani.

Katika jamii nyingi za Afrika, O ndilo kundi la watu wengi kuliko yote, na mara nyingi hufikia nusu. Mtu angeweza kuuliza kwa nini urithi haujaliondoa kundi lenye hasara kama hiyo. Sehemu ya jibu ni malaria: chembe nyekundu za kundi O hazigandamani kwa urahisi zinapoingiwa na kimelea, na kwa hiyo watu wake huepuka zaidi malaria kali. Kwenye nchi ya mbu, O ilikuwa faida kwa maelfu ya miaka. Kolera ya sasa imefika Kongo katika miaka ya 1970 tu. Katika bonde la Ganges, ambako imekaa tangu kale, kundi O ni la watu wachache kuliko sehemu nyingine nyingi za dunia, na wataalamu kadhaa wanaona hapo alama ya kolera yenyewe.

Wala asijivune asiye wa kundi O. Kuna bakteria nyingine ya utumbo, iliyo ya ukoo wa koli, ambayo huleta kuhara kwa watoto na kwa wasafiri. Hiyo huwaumiza zaidi watu wa kundi A, kwa kuwa inao mkono unaoshika sukari ya A. Na asiye mtoaji, aliyeokoka na Norwalk, amekutwa Bangladesh akiwa mwepesi zaidi kupata kolera yenye dalili ikiwa ana Lewis a. Hakuna utumbo uliofungwa milango yote.

Kinga au kukosa kishikio?

Hapa pana swali ambalo wanafunzi wa Kiswahili wangefaa kulijadili, maana linahusu zaidi ya istilahi. Watangazaji na wauguzi, wanapolazimika kusema kwamba fulani haambukizwi, hutumia neno moja, kinga: ana kinga. Neno hilo linatosha kwa aliyechanjwa au aliyeugua akapona, kwa sababu mwili wake umepigana na kujifunza. Asiye mtoaji hakupigana na yeyote. Hana silaha ambayo mwenzake anaikosa. Kinyume chake, yeye ndiye anayekosa kitu. Kumwambia kwamba ana kinga ni kumpa ujasiri wa bure, na kesho atakunywa maji ya mfereji kwa kuamini kwamba ameumbwa imara. Pengine inatosha kusema kijidudu kile hakina pa kushika kwake. Ni maneno mengi, lakini yanabaki na ukweli: kile, si vyote.

Mama naye ana nafasi yake. Maziwa ya mama aliye mtoaji yana sukari zenye fukosi iliyotiwa na FUT2, zinazofanana na vishikio vya utumbo lakini zinaelea huru. Kijidudu huzishika hizo badala ya kuushika utumbo, kisha hutoka nazo. Utafiti wa Mexico uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba watoto walionyonya maziwa yenye wingi wa sukari hizo walipata kuhara kwa aina fulani za vijidudu kwa uchache zaidi. Maziwa ya mama asiye mtoaji hayana sukari hizo, ila yana sukari nyingine nyingi na kingamwili zake, na kunyonyesha kunabaki kuwa salama kuliko chupa iliyooshwa kwa maji ya bidoni.

Tofauti hizi zote hufanya kazi mahali pamoja tu, yaani pale kijidudu kinapofika mdomoni. Watoaji na wasio watoaji wapo Geneva kwa kiasi kilekile cha Bukavu, lakini Geneva hakuna anayeuliza kwa nini kolera imemchukua huyu na kumwacha yule. Bomba lenye maji safi huwafaa A, B na O bila kuuliza.

Na kwa aliyekwisha kushikwa, ipo sukari ya mwisho, na hii ni ileile ya chai. Sumu ya kolera huzifungulia seli za utumbo zimwage maji na chumvi, na mgonjwa huweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Lakini kuna njia moja ambayo sumu haiigusi: ile inayoingiza glukosi na chumvi kwa pamoja, huku maji yakifuata nyuma. Ndiyo siri ya maji ya kunywesha yaliyofanyiwa majaribio Dhaka na Calcutta katika miaka ya 1960, na ambayo mwaka 1971 Dilip Mahalanabis aliyatumia kuokoa wakimbizi wa Bangladesh walipokwisha dawa za mishipa. Pasipo na paketi za dukani au za kituo cha afya, hutengenezwa kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mgonjwa aliyelegea asiyeweza kunywa hana budi kupelekwa upesi atiwe maji ya mshipani. Bila matibabu kolera kali huweza kuua nusu ya inaowashika. Ikitibiwa mapema hufa chini ya mmoja katika mia. Njia hiyo ya glukosi iko wazi kwa makundi yote. Wa kundi O hupoteza maji mengi zaidi, kwa hiyo huhitaji kunyweshwa mengi zaidi, kikombe baada ya kila kuhara, na aendelee kunyweshwa hata anapotapika, kidogo kidogo, kwa kijiko.